Sauti isiyo na jina kwenye flashi ya Kigombe

*Upande mmoja wa barabara ya Tanga–Pangani amezikwa mwandishi aliyeandika maisha ya mwimbaji. Upande wa pili alizaliwa mwimbaji anayesubiri mwandishi.*

Jenereta lilizimika mara mbili kabla bibi harusi hajatoka. Lilipowaka mara ya tatu, kijana wa muziki ama alikuwa amechoka na singeli, ama aliwaona wazee wameanza kuvuta viti vyao nyuma. Akateremka kwenye orodha ya flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta yake, akabofya. Spika mbili zilizofungwa kwenye shina la mnazi zikatoa gitaa jepesi, besi ya mtu asiye na haraka, kisha sauti ya mwanamke.

Kule jikoni mwiko wa pilau ulisimama. Kina mama wakatoka mmoja mmoja, wengine mikono bado ina mafuta, wakaingia uwanjani kwa ule mwendo wa taarab ambao si kucheza wala si kutembea. Bibi mmoja alifungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili, akaiinua juu ya kichwa na kuipunga huku akisogea mbele, kama afanyavyo mtu anayekwenda kumtunza mwimbaji.

Alipofika mbele hapakuwa na mwimbaji. Akasimama kidogo, akacheka peke yake, akaisokomeza noti kwenye wavu wa spika.

Wimbo ulipokwisha, kijana wa muziki aliichomoa akaitia mfukoni. Nikamwuliza nani aliyekuwa akiimba. Akanigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe. Faili lilikuwa limeandikwa TAARAB_ZAMANI_07.

Nikamfuata bibi kwenye mkeka wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Nikamwuliza hilohilo. Akanitazama kama niliyemwuliza jua linachomoza upande gani.

"Huyo si Shakila? Shakila wa hapo Pangani."

Klasiki ya nani?

Mhariri wangu hakunituma harusini. Alitaka makala ya mwanamuziki wa klasiki kutoka pwani ya kaskazini, na nilivyomwelewa, alikuwa na picha yake kichwani: koti jeusi, fidla begani, karatasi ya nota mbele, na jina la Mozart lisikose kwenye aya ya pili. Nilimwambia nitampata. Sikumwambia kwamba ningemtafuta Kigombe.

Hebu tuvue koti na tuweke nota pembeni. Kinachobaki ni muziki wenye utaratibu unaojulikana, ambao mkubwa humpokeza mdogo, wenye maneno yaliyopimwa, wa kusikilizwa watu wamekaa, na ambao miaka hamsini ikishapita bado unaweza kumtoa mtu jikoni. Lugha yetu yenyewe imevipa jina moja sheria na kile chombo cha nyuzi zaidi ya sabini kinacholazwa mapajani: kanuni.

Taarab ilifika Zanzibar kwa mlango wa mbele. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni ili arudi kupiga kwenye kasri. Mwaka 1905 wapenzi wa muziki huo wakaanzisha chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Ndani yake mna udi, nai, dumbaki, riki na, mhariri wangu atafurahi, fidla kadhaa.

Maneno nayo yana mizani yake. Shairi la taarab la kawaida hupimwa mizani kumi na sita kwa mshororo, nane huku na nane kule, vina vya kati na vya mwisho vikiitana. Anayetunga shairi mara nyingi ni mmoja, anayelitia sauti ni mwingine, na anayeliimba ni wa tatu. Mgawanyo huo wa kazi tutarudi kwake, kwa sababu ndani yake mna pesa.

> Lugha yetu yenyewe imevipa jina moja sheria na kile chombo cha nyuzi zaidi ya sabini: kanuni.

Kilomita 50 za waandishi na waimbaji

Kigombe ni kijiji cha wavuvi wilayani Muheza. Mbele yake bahari, mgongoni mashamba ya mkonge. Kipo kwenye barabara ya kilomita 50 hivi itokayo Tanga mjini kwenda Pangani, barabara iliyotulisha vumbi jekundu miaka mingi kabla wakandarasi wa lami hawajaja. Abiria wengi hukipita wakiwa wamelala. Hao hupitwa na mengi.

Ukitoka Tanga unaanza na Machui. Hapo, katika kitongoji cha Vibambani, alizaliwa Shaaban Robert Januari 1, 1909, na huko ndiko alikozikwa baada ya kufariki Juni 1962. Mbele kidogo ni Tongoni, na magofu ya msikiti na makaburi yake ya nguzo. Kisha Kigombe. Kisha Pangani, mdomoni mwa mto.

Shaaban Robert namtaja kwa sababu moja. Kabla ya Siti binti Saad kufariki mwaka 1950, mwandishi huyu wa Machui alikaa naye, akamsikiliza, akamwandika. *Wasifu wa Siti binti Saad* kilikuja kusomwa mashuleni, na mpaka leo kinahesabiwa miongoni mwa wasifu bora wa Kiswahili.

Hadithi yenyewe si ya kasri. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar, karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuuza, na sauti yake ya kunadi biashara ndiyo iliyotangulia jina lake. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akawapata wapigaji kama Subeti bin Ambar, Mbaruku aliyekuwa haoni, na Mwalimu Shaaban. Wakafanya kitu ambacho wakubwa wa kasri hawakukizoea: taarab ya Kiswahili, yenye habari za mtaani.

Mwaka 1928 wakapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za lebo ya His Master's Voice. Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na kahawa zikanywewa pembeni ya gramafoni kutoka Lamu hadi bara. Wimbo wake *Kijiti* ulisimulia kesi ya kweli ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyenajisiwa na kuuawa Unguja, na jinsi mashahidi wa kike walivyoishia kufungwa wao. Gazeti gani la wakati ule lilithubutu?

Haya yote tunayajua kwa Kiswahili kwa sababu mtu mmoja wa barabara hii alichukua kalamu kabla mwimbaji hajaondoka.

Mkonge, dansi na nyota

Muziki wa Tanga una mizizi kwenye katani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto pale Pangani. Kutokana na miche hiyo sitini na miwili yakaota mashamba yaliyoifanya Tanganyika, ilipopata uhuru, kuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Kigombe nayo ikapata shamba lake.

Shamba la mkonge lilileta watu: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, watu wa Kongo na wa Msumbiji, kila mmoja na ngoma yake na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mji ukataka dansi. Jamhuri Jazz, ambayo mwanzo iliitwa Young Nyamwezi, jina linalojieleza, ikapambana na Atomic Jazz ukumbi kwa ukumbi. Wilson Kinyonga alipitia Jamhuri kabla yeye na ndugu zake hawajavuka kwenda Kenya na kuzaa Simba Wanyika mwaka 1971. Nani aliyekaa Nairobi miaka ile asijue lile gitaa? Ni gitaa la Tanga.

Sasa fikiria mji wa namna hiyo, halafu uwaambie vijana wake wapige taarab. Watakaa chini na kanuni na nai kama mabwana wa Ikhwani Safaa? Hawakukaa. Black Star Musical Club walichukua gitaa la umeme na besi, wakaweka mapigo ya dansi chini ya shairi la mizani kumi na sita, wakapunguza kundi likaweza kupanda gari moja na vyombo vyake. Ubavuni mwao ikazaliwa Lucky Star. Wakafuata nyota wengine, White Star, Golden Star, mpaka anga ya Tanga ikawaka.

Nyimbo hizo zilifuata basi na meli. Mtindo wa Tanga ukafika Mombasa ukaigwa, ukapanda bara, ukasikika hadi Burundi na mashariki ya Kongo, mahali ambapo taarab ya kasri haikuwahi kupiga hodi.

Binti wa Pangani

Humo ndimo alimong'ara Shakila Saidi, ambaye utu uzima ulipofika nchi nzima ilimwita Bi Shakila.

Sauti yake sijui niielezeje kwa mtu asiyeisikia. Ni ya juu, kavu kidogo, na haibembelezi. Waimbaji wengi wa taarab hujaza mwisho wa mshororo kwa mitetemo. Yeye huufikia, anauacha ulipo, anaondoka. Sikiliza *Macho Yanacheka*. Jina la wimbo tu lina hila, maana macho yakitajwa kucheka, msikilizaji wa pwani anaanza mara moja kuulizia habari za moyo. Na Shakila hauharakishi moyo. Anakuacha na gitaa kwanza.

*Kifo cha Mahaba* ni vilevile. Ukilisoma jina unategemea kilio; ukiusikia, unakuta mtu anayetoa hesabu ya mambo kwa utulivu unaotisha kuliko kilio. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama ya mwanamuziki wa klasiki: anaujua utaratibu hadi haoni haja ya kupiga kelele.

> Shakila hauharakishi moyo.

Santuri za Tanga hazikutengenezwa Tanga. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, kwa hiyo makundi yalivuka Horohoro kwenda Mombasa, ambako lebo ya Mzuri ilirekodi Black Star na Lucky Star miaka ya 1970. Kwa mtu wa Tanga hiyo haikuwa safari ya nje. Mombasa ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, na harusi za kule zilikuwa za shangazi zake.

Februari 1977 mpaka ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na mlango haukufunguliwa tena mpaka mwishoni mwa 1983. Vitabu vya historia huandika habari za reli na ndege zilizogawanywa, ila hakuna anayeandika habari za wapiga besi. Mwimbaji wa Tanga aliamka siku moja studio yake ikiwa nchi ya nje kwelikweli.

Na mkonge nao ulikuwa unakufa. Kamba za plastiki zilishusha bei kuanzia miaka ya 1960, mashamba mengi yakataifishwa 1967, mishahara ikapungua, kumbi zikafuata. Aliyekuwa na kipaji akatazama Dar es Salaam, ambako mashirika ya umma, polisi na jeshi yalikuwa yanalea bendi zao. Bi Shakila naye akaelekea huko, akaimbia kundi la taarab la JKT. Mtu anaweza kulicheka jambo la mahaba kuimbwa chini ya bendera ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mimi silicheki: kwa miaka kadhaa, hilo lilikuwa jukwaa lenye vyombo vinavyofanya kazi.

Alifariki Agosti 19, 2016, nyumbani Mbagala Charambe, jijini Dar es Salaam. Redio zilipiga nyimbo zake siku mbili tatu.

Nani aliharibu taarab?

Swali hili ukiliuliza Tanga, Unguja au Mombasa, andaa kahawa ya pili.

Wapo wanaosema taarab iliharibika siku gitaa la umeme lilipoingia. Kwao taarab ni bashrafu ya kufungulia, ngazi za sauti ziitwazo maqamu, kama rasti na bayati, fidla zikiongea na kanuni, na watu wametulia vitini. Walichofanya Tanga, wanasema, ni dansi lililovaa kanzu. Hoja yao ina uzito: robo sauti za maqamu hazikai kwenye vikato vya gitaa, na mtoto anayekua na gitaa peke yake sikio lake halitazijua kamwe.

Wapo wanaosema iliharibika miaka ya 1990. Ndipo East African Melody walipokuja na kinanda kilichomeza kundi zima, ndipo TOT ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis wakarushiana vijembe jukwaa kwa jukwaa, na rusha roho ikawa jina la mchezo. Baadaye akaja Mzee Yusuf na Jahazi. Fumbo, wanasema, lilikufa hapo. Zamani mtu alisutwa na asijue mpaka afike nyumbani. Siku hizi anatajwa na mtaa wake.

Kinachonichekesha ni kwamba hawa wa pili, wanapotaka kukuonyesha taarab asilia ilivyokuwa, hukupigia Shakila na gitaa lake. Uasi wa Black Star umekuwa sunna. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilipokusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star kwenye santuri moja, iliipa jina la *Nyota* na chini yake ikaandika *Classic Taarab from Tanga*. Neno la mhariri wangu hilo, limekaa hapo miaka yote.

Kama nikilazimishwa kutoa hukumu, nitasema gitaa halikuharibu kitu. Tanga ililinda kilicho kigumu kulindwa, yaani shairi, na kubadili kilicho rahisi kubadilika, yaani chombo. Lawama yangu kwa taarab ya leo si kinanda. Ni uvivu wa maneno. Lakini hata hapo sina hakika kama mjukuu wa yule bibi wa elfu mbili hatakuja kuiita mipasho ya Khadija Kopa klasiki, akaniona mimi ndiye mzee wa kuvuta kiti nyuma.

Elfu mbili ya kwenye spika

Turudi kwenye ile noti.

Kutunza si kulipa tu. Mwanamama anapochagua mshororo fulani akainuka kumtunza mwimbaji, ameufanya mshororo ule kuwa wake, na aliyekusudiwa yuko papo hapo uwanjani anasikia. Mmarekani Kelly Askew, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Tanga miaka ya 1990 na kushiriki katika kundi la Babloom Modern Taarab, alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha 2002, *Performing the Nation*. Kitabu kizuri. Kiko kwa Kiingereza.

Lakini kutunza pia ni kulipa. Kwa mwimbaji wa miaka ya 1970 aliyeuza sauti yake kwa mwenye lebo mara moja, zile noti za kwenye paji la uso ndizo zilizokuwa mrabaha wake. Zilimfuata maadamu alikuwa amesimama mbele ya watu. Siku alipobaki kwenye kanda, zikaanza kwenda kwa mwenye spika.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ilipotungwa ilimpa mtunzi ulinzi wa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ikamtambua na mwimbaji kwa haki yake ya pembeni, na chombo kiitwacho COSOTA kikapewa kusimamia. Kwenye karatasi, mpango umekamilika. Tatizo liko kwenye ule mgawanyo niliosema: mshairi mmoja, mtia sauti mmoja, mwimbaji mmoja, na kundi ambalo huenda limekwisha zamani. Nani amgawie nani nini, ikiwa faili linaitwa TAARAB_ZAMANI_07?

> Zile noti za kwenye paji la uso ndizo zilizokuwa mrabaha wake. Alipobaki kwenye kanda, zikaanza kwenda kwa mwenye spika.

Usidhani kijana wa Kigombe ndiye mwovu wa kisa hiki. Mimi mwenyewe, miaka ya kanda, nilinunua kwenye kibanda kimoja kaseti ya nyimbo za Tanga. Jalada lilikuwa fotokopi ya fotokopi. Picha ya mwanamke juu yake haikuwa ya Shakila wala ya mwimbaji yeyote ninayemjua. Nadhani ilikatwa kwenye tangazo la mafuta ya nywele. Upande A uliandikwa "Taarab", upande B ukaandikwa "Taarab". Niliipiga mpaka utepe ukakatika, na sikuwahi kujiuliza shilingi zangu zilikwenda kwa nani. Kijana wa flashi ni mwanangu katika dhambi hiyo.

Samaki amepata hifadhi

Asubuhi yake nilishuka ufukweni, ngalawa zikirudi. Bahari ya Kigombe ina kisa chake kingine kinachojulikana duniani kuliko muziki wake.

Mwaka 1938 huko East London, Afrika Kusini, alivuliwa samaki anayeitwa silikanti, ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria. Kuanzia mwaka 2004, majarife yaliyotegwa kwenye maji marefu ya ukanda huu wa Tanga yakaanza kumpandisha, mmoja baada ya mwingine. Wavuvi wa hapa walimtazama kwa mashaka: ana mapezi kama miguu na nyama isiyolika. Mwaka 2009 Serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kutoka Tanga hadi karibu na Pangani, Kigombe ikiwa ndani yake. Wavuvi wana mengi ya kusema kuhusu masharti yake, na hayo yanataka makala yake.

Mimi nilibaki na wivu kidogo. Samaki asiyelika amepata sheria, mipaka na ofisi. Sauti iliyokuwa ikitoka kwenye pwani hiyohiyo, inayolika kila Jumamosi, haina hata lebo.

Kwa mtoto wa Kigombe anayetaka kuusomea muziki huu, njia zipo, ila ni za mbali. Zanzibar kipo chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichofungua milango 2002, kinachofundisha udi, kanuni na fidla, na ambacho mara kwa mara kimelazimika kupiga kelele za kutafuta fedha kisifungwe. Bagamoyo ipo TaSUBa, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Huko mtoto atafundishwa mengi. Ila lile gitaa la Black Star, besi inayotembea, namna ya kulikalisha shairi juu ya pigo la dansi lisimwagike, ni elimu iliyozaliwa kati ya Ngamiani, pale Tanga mjini, na Pangani, na walimu wake wengine bado wanakunywa kahawa barazani hapahapa.

Na akitaka kusoma habari za Shakila? Kitabu cha Askew ni cha Kiingereza. Maelezo ya santuri ya *Nyota* ni ya Kiingereza. Siti wa Fumba ana wasifu wa Kiswahili ulioandikwa na mtu wa Machui. Shakila wa Pangani, mji ulio mwisho wa barabara hiyohiyo, mimi sijapata kuuona wa kwake kwenye rafu yoyote ya duka la vitabu, na nimetafuta.

Kuna kazi mbili hapa. Kubwa ni ya mwenye kalamu: wapo watu wa Tanga, Pangani na Mbagala waliopiga vyombo nyuma yake, waliomshonea magauni, waliomtungia mashairi, na umri wao hausubiri. Shaaban Robert aliwahi kwa miezi tu.

Ndogo inakuhusu wewe msomaji. Kama kabatini kwa bibi yako kuna santuri ya lebo ya Mzuri, ya Black Star au Lucky Star, ile ndogo ya nyimbo mbili, usiiuze wala usiiache kwa watoto waifanye gurudumu. Kabla ya lolote, chukua kalamu unakili kila neno lililo kwenye lebo yake: jina la wimbo, la kundi, la mwimbaji, na kama lipo, la mtunzi. Kisha umpelekee kijana wa muziki wa mtaani kwenu abadilishe jina la faili.

Yule wa Kigombe nilimwandikia mwenyewe kwenye kompyuta yake kabla sijapanda gari. Linaitwa SHAKILA_SAIDI_PANGANI sasa. Aliniuliza namba 08 ni ya nani.